Ndoo moja juu ya sakafu: barua ya wazi kwa viongozi wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa wakuu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, wakurugenzi wa halmashauri zake, na wataalamu wa mifugo na viwanda walio chini yenu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Mbeya. Sina kampuni, sina zabuni ninayoitafuta, wala sigombei nafasi yoyote. Nina ombi moja kuhusu vile vinavyofukiwa na kumwagwa nyuma ya machinjio yetu kila alfajiri. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu ombi lenyewe ni dogo kuliko maelezo yake.

Nianze na supu, maana huko ndiko jambo hili liliponikuta. Kuna mama mmoja Mwanjelwa anauza supu ya kongoro. Huanza kuchemsha miguu ya ng'ombe usiku wa manane, na ikifika saa kumi na mbili asubuhi makondakta na wabeba mizigo wameshajaa kwenye mabenchi yake. Siku moja ya Julai niliwahi kufika kabla hajawasha moto. Sufuria ya jana ilikuwa na supu kidogo chini, nayo ilikuwa imeganda. Ukiitikisa sufuria, supu inatetemeka bila kumwagika. Nikamuuliza imekuwaje. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hiyo ni baridi ya Mbeya tu. Ikipata moto inarudi kuwa supu."

Hakukosea, ila maji matupu hayagandi hivyo kwa baridi ile. Kilichoganda kwenye sufuria yake ni jelatini, na jelatini ile ilitoka kwenye kano, ngozi na mifupa ya miguu ya ng'ombe, ambamo ilikuwa bado inaitwa kolajeni. Kolajeni ni karibu theluthi moja ya protini yote iliyomo katika mwili wa mnyama anyonyeshaye. Ni nyuzi ndefu sana zilizosukwa tatu tatu, kama binti anavyosukwa nywele kwa mafungu matatu, na ndizo zinazoifanya ngozi isichanike na kano isikatike. Moto wa wastani na maji huzifumua nyuzi hizo, zikaingia ndani ya maji. Zikipoa hutafutana tena, zikashikana ovyo ovyo na kuyafungia maji katikati. Ndiyo ile inayotetemeka.

Mama yule hajui kwamba kila usiku anafanya hatua ya kwanza ya kiwanda. Ganda la kapsuli ya dawa, lile la rangi mbili ambalo mtoto wako amelimeza hospitalini, kwa kawaida ni jelatini. Gundi waliyoitumia maseremala kwa karne nyingi kabla ya gundi za mafuta ya petroli ni jelatini isiyosafishwa sana. Jeli za watoto ni hiyo hiyo, na filamu za kamera za zamani zilipakwa hiyo hiyo.

Baada ya siku ile nilianza kwenda machinjioni. Sitayataja machinjio niliyoyazoea, kwa sababu nia yangu si kumchongea mtu, na waliopo pale wanafanya kazi ngumu kwa vifaa walivyopewa. Saa kumi na moja alfajiri ng'ombe wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Nyama inapanda kwenye ndoana, utumbo unakwenda kwa akina mama wanaouosha, ngozi inakunjwa pembeni kama mnunuzi yupo. Kinachobaki kinaanguka chini: vipande vya ngozi ya kichwa na miguu, masikio, kano, kwato, pembe, damu, kinyesi cha tumboni. Kijana mwenye beleshi anavisukuma vyote pamoja hadi kwenye mfereji, na mfereji unakwenda shimoni. Mvua za Machi zikija, shimo linakwenda mtoni. Nilimuuliza kijana yule kwa nini asiweke ngozi upande wake na kwato upande wake. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hapa kitu kikishagusa sakafu ni taka."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Takriban nusu tu ya uzito wa ng'ombe aliye hai ndiyo inayofika buchani kama nyama na mfupa wake. Sehemu ya nusu ya pili tunaila, na tunaila vizuri: maini, utumbo, kichwa, kongoro. Inayobaki ndiyo iliyojaa polima asilia, yaani nyuzi ndefu ambazo mwili wa mnyama umezisuka kwa miaka na ambazo kiwanda cha kemikali kingehitaji gharama kubwa kuziiga. Sisi tunazichanganya na kinyesi ndani ya dakika tano za kwanza. Ukishazichanganya, hakuna mashine itakayozirudisha kwa bei inayolipa.

Najua hivyo kwa sababu nimeshindwa mara mbili. Nilikuwa na wanafunzi wa klabu ya sayansi, kidato cha tatu, na tuliamua kutengeneza gundi. Mara ya kwanza tulichukua kilo tano za vipande vya ngozi, tukavichemsha kutwa nzima kwa moto mkali tukidhani moto mwingi utatoa gundi nyingi. Tulipata uji wenye harufu, uliokataa kuganda hata nje usiku. Moto mkali ulikuwa umezikata nyuzi vipande vifupi mno. Mara ya pili tulifuata hatua zote ipasavyo, lakini ngozi tuliitoa kwenye lundo lililokaa siku mbili. Bakteria walikuwa wameshafanya kazi ile ile ya kuzikata nyuzi. Tukapata gundi iliyoshika karatasi na kuachia mbao.

Mara ya tatu nilisimama mwenyewe kando ya meza ya kuchunia na ndoo mkononi. Tuliosha vile vipande palepale kwa maji baridi. Shuleni tukaviloweka kwenye maji ya chokaa ya kupaka ukuta, tukivigeuza kila siku na kubadilisha maji, kwa wiki tatu. Chokaa hulegeza manyoya, huondoa mafuta na protini zisizotakiwa, na kufungua msuko wa kolajeni bila kuuharibu. Kisha tukasuuza hadi mikono ikachoka, tukaondoa ukali wa chokaa uliobaki kwa siki huku tukipima kwa karatasi ya litmasi. Ndipo tukavipasha moto kwa nyuzijoto 60, si zaidi, kwa saa tano, binti mmoja akiwa amekaa na kipimajoto kama mlinzi wa zamu. Tukaengua mafuta, tukachuja kwa shashi, tukamimina kwenye sinia na kuziacha nje usiku. Asubuhi zilikuwa zimeganda. Tukazikata vipande na kuvitandika juu ya chandarua cha zamani kilichowambwa, upepo ukavikausha kwa siku nne.

Tulipata kama nusu kilo ya vipande vya rangi ya asali, vikavu, vinavyolia vikigongana. Fundi mmoja wa Iyunga aliunga nayo miguu ya kigoda. Baada ya siku mbili tukamwomba akivunje. Mbao ilipasuka pembeni, kiungo hakikuachia. Wanafunzi walipiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaja kuangalia kuna nini.

Chokaa ilikuwa ya aina ile ile, maji ya bomba lile lile. Tofauti ya mara ya pili na ya tatu ilikuwa saa arobaini na nane na sakafu.

Waheshimiwa, nina sababu ya kuamini kwamba Nyanda za Juu zina nafasi kuliko mikoa mingi ya nchi hii. Ubora wa jelatini duniani hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Bloom, kutokana na Oscar Bloom aliyepata hataza, yaani hati ya uvumbuzi, ya kifaa chake mwaka 1925. Unayeyusha jelatini kwenye maji kwa kiasi maalumu, unaiacha igande kwa saa 17 hivi katika nyuzi 10, kisha unapima ni gramu ngapi zinahitajika ili kijiti kidogo kizame milimita 4 ndani yake. Jelatini dhaifu hupata 50, iliyo imara sana hufika 300. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya unashuka chini ya hizo nyuzi 10 bila kulipia umeme. Njombe na Makete ni baridi zaidi. Baridi ambayo wageni wanailalamikia inachelewesha uozo wa malighafi na kugandisha mazao yetu kwenye sinia. Mtu wa Dar es Salaam angehitaji jokofu kubwa kwa kazi ambayo sisi tunaifanya juu ya paa. Hata mwinuko wetu unasaidia kidogo: katika mita 1,700 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo anayesahau sufuria ataharibu kiasi kidogo kuliko mwenzake wa pwani. Hilo la mwisho ni faida ndogo, nakiri, lakini wanafunzi wangu walilipenda.

Na mikoa hii ina mambo mengine yanayoelekea huku. Njombe wanapanda miti ya miwati tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa mwaka 1949, na dawa inayokamuliwa kwenye magome yake, tanini, ndiyo inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kiatu. Tanini hufanya hivyo kwa kuikamata kolajeni isiyeyuke tena wala isioze. Hapo pana jambo ambalo wapangaji wa viwanda wanapaswa kulijua: vipande vya ngozi vya kutengenezea gundi na jelatini vinatakiwa vitolewe kabla ngozi haijatiwa dawa. Vikishapita kwenye tanini vimefungwa, na vikipita kwenye kromiamu, ambayo viwanda vingi vya ngozi duniani huitumia, havifai kabisa kuingia katika chakula au dawa. Mufindi kuna misitu ya Sao Hill na mafundi wa mbao kila kona ya Mafinga. Gundi ya ngozi haivumilii maji, hivyo haifai milango ya nje wala boti. Kwa viti, meza, makabati na vyombo vya muziki imetumika tangu zamani sana, na ina sifa moja ambayo fundi wa kukarabati anaijua: ukiipasha moto na unyevu inaachia, kiungo kinatengenezwa upya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba tuanze na gundi. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na vijana wenye digrii waliosoma kuhusu thamani ya heparini na wanataka turukie huko. Naelewa hamu yao. Heparini ni dawa inayozuia damu kuganda. Iligunduliwa mwaka 1916 kule Baltimore na Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akichunguza ini la mbwa, na leo iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayesafishwa damu kwa mashine ya figo anaihitaji. Sehemu kubwa ya heparini inayotumika duniani hutoka kwenye utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe, na sisi ni watu wa kitimoto. Nguruwe hawapungui Mbozi, Rungwe wala Njombe. Lakini ni dawa ya kudungwa kwenye mshipa. Mwaka 2008 heparini iliyochanganywa na kitu kingine kilichofanana nayo iliua wagonjwa nchini Marekani, na dunia nzima ikabana masharti yake. Inahitaji maelfu ya nguruwe kutoka vyanzo vinavyofuatilika, baridi isiyokatika, na maabara za hali ya juu. Na homa ya nguruwe ikiingia, chanzo chote kinakatika. Tusianze nayo. Wala tusianze na ile asidi ya haiyaluroniki ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934, na ambayo baadaye ilipatikana kwa wingi kwenye kilemba chekundu cha jogoo na kuwasaidia madaktari wa upasuaji wa macho. Naziandika hapa ili mjue kilichomo ndani ya mfereji ule. Kijana atakayeweza kutengeneza gundi safi mwaka huu anaweza kutengeneza jelatini ya chakula baada ya miaka michache, na mwanafunzi wake akafika kwenye kapsuli. Hapo Idofi, Makambako, tayari kuna kiwanda cha mipira ya mikono ya hospitali. Bidhaa za tiba zinaweza kutengenezwa kwenye nyanda hizi.

Manyoya ya kuku yana hadithi yake. Ufugaji wa kuku wa nyama umekua sana Iringa na Mbeya, na manyoya ni kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa kuku. Anayechinja kuku 1,000 kwa siku anabaki na kilo 100 hivi za manyoya, na yakiwa yamelowa ni zaidi. Karibu asilimia 90 ya unyoya ni keratini, ndugu wa kwato, pembe na kucha zetu. Keratini haiyeyuki kama kolajeni. Nyuzi zake zimefungwa kwa vifundo vya salfa, ndiyo maana unyoya ukitupwa shimoni unakaa miezi na miezi, na ukiuchoma unatoa harufu ambayo mtaa mzima unaijua. Ili vifundo vifunguke unahitaji mvuke wenye mgandamizo au kemikali kali. Wapo wanaotengeneza keratini ya nywele na vifaa vya tiba, lakini kwetu njia ya karibu ni mvuke kisha kusaga, tupate mbolea yenye naitrojeni nyingi inayotoka taratibu ardhini. Mkulima wa viazi wa Uporoto na mkulima wa parachichi wa Rungwe wanaijua bei ya mbolea kuliko mimi. Kwato na pembe zinaingia humo humo.

Mtaniuliza kama kweli kuna atakayenunua vitu hivi. Waulizeni watu wa Mwanza kuhusu mabondo. Bondo ni mfuko wa hewa wa sangara, umejaa kolajeni, na kilo ya mabondo makavu leo ina thamani kubwa kuliko kilo ya samaki mwenyewe. Wanunuzi wa Asia wanayafuata hadi ufukweni. Mchuuzi wa samaki hakuhitaji kusomea kemia ili aache kulitupa bondo. Alihitaji kuona mtu anayelinunua likiwa safi na limetengwa. Mfano wa zamani zaidi ni wa Peter Cooper, fundi wa New York aliyenunua kiwanda cha gundi mwaka 1821 akitumia kwato na ngozi za machinjio ya jirani. Mwaka 1845 alipata hataza ya jelatini ya kula, na mwaka 1859 mali ile ya gundi ilifungua chuo, Cooper Union, ambako watoto wa mafundi walisoma bila ada. Kila nikisahihisha madaftari ya wanafunzi walioacha shule kwa kukosa michango, jambo hilo hunirudia.

Sasa ombi.

Naomba kila machinjio ya halmashauri zenu yatenganishe mabaki palepale mezani, kabla ya kugusa sakafu. Vipande vya ngozi na kano viende chombo kimoja, kwato na pembe kingine, mifupa ya buchani kingine, damu kwenye mfereji wake, na kinyesi cha tumboni peke yake. Mapipa ya plastiki yenye mifuniko, rangi tofauti, maji safi ya kusuuzia na chumvi ya kutosha. Mnapoandika zabuni ya machinjio mapya au ukarabati, wekeni sharti hilo ndani ya mchoro, kwa sababu kuongeza mfereji wa pili baada ya sakafu kumwagwa ni gharama ambayo hakuna bajeti itakayoikubali. Mnazo sheria ndogo za usafi, na juu yake ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lugha yake nyingi ni ya kukataza kutupa. Ongezeni lugha ya kutenga.

Utenganishaji huo unagusa afya, na hapa siombi, nasisitiza. Mnyama wa kibudu, yaani aliyejifia bila kuchinjwa, asiingie kabisa, hata ngozi yake. Kimeta kinajulikana kwetu, na mbegu zake zinaishi ardhini kwa miongo. Anayechuna mzoga wa kimeta anaweza kufa, na lundo la ngozi lenye ngozi moja ya namna hiyo linahatarisha kila mkono utakaoligusa. Kiungo alichokikataa mkaguzi wa nyama kichomwe au kifukiwe kama zamani, kisipitie mlango wa gundi. Fuvu na uti wa mgongo wa ng'ombe vitengwe kwa jelatini yoyote itakayoliwa. Ulimwengu ulijifunza hilo kwa uchungu baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kutambuliwa Uingereza mwaka 1986, na hakuna mnunuzi wa maana atakayekubali bila hilo. Na ya nguruwe yasikutane na ya ng'ombe tangu kisu, ndoo hadi sufuria. Jirani yangu Mwislamu na jirani yangu Msabato wana haki ya kujua kapsuli yao imetoka kwa mnyama gani. Tukikosea hapo mara moja, tumeua biashara na tumevunja uaminifu wa watu.

Gharama zipo na sitaki mzisikie baadaye kutoka kwa mtu mwingine. Maji yanahitajika mengi. Maji ya chokaa yaliyotumika ni makali na yana mafuta na manyoya. Yakimwagwa mtoni ni bora tungebaki na shimo letu. Mto Ruaha Mdogo unapita Iringa mjini kisha unaungana na Ruaha Mkuu kuelekea Mtera, na kila tunachokiachia juu kinawafikia walio chini. Yanahitaji mabwawa ya kutuliza na kupunguza ukali. Mashapo ya chokaa yatakayobaki, wataalamu wa udongo wa Uyole wayapime, maana udongo wetu mwingi una tindikali na wakulima wanauziwa chokaa. Moto nao unahitajika, na sitapendekeza mti mmoja ukatwe kwa ajili ya gundi. Kinyesi cha tumboni kilichotengwa vizuri kinatoa biogesi, na nyuzi 60 ni joto la wastani ambalo biogesi inalimudu. Machinjio yanaweza kujipikia. Harufu haitaisha kabisa. Itapungua sana kwa sababu kinachonuka ni uozo, na kinachopelekwa mtungini kikiwa kibichi hakina muda wa kuoza.

Watu wa kufanya kazi hii tunao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina vijana wa uhandisi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Taasisi ya utafiti wa mifugo ipo Uyole, na maabara ya veterinari ipo Iringa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanajua kuchonga mitungi na meza. TBS, shirika la viwango, waje mapema waseme ni vipimo gani wanavitaka, wasije mwishoni kufunga mlango. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, inakwenda sana kwenye bodaboda na mashine za kusaga. Kikundi kimoja kwa kila wilaya kikipewa mtaji wa mapipa, chokaa na chumba cha kukaushia chenye nyavu, mtakuwa mmejaribu kwa fedha ndogo. Naomba vijana wanaoshika beleshi leo wawe wa kwanza katika vikundi hivyo. Wanaijua ngozi kuliko sisi tuliosoma, na ndio waliopumua harufu ile miaka yote.

Anzeni na machinjio matatu: moja Mbeya, moja Iringa, moja Njombe. Mwaka mmoja. Kila mwezi ziandikwe kilo zilizotengwa, kilo zilizooza, gundi iliyotoka na bei iliyouzwa, zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kata ambako kila mtu anaweza kuzisoma. Kama hesabu itakataa, nitakubali, na nitawaambia wanafunzi wangu sababu yake.

Mimi na klabu yangu tuko tayari kuonyesha hatua zote, mahali popote mtakapotuita, siku yoyote ya Jumamosi. Tutakuja na kigoda, na nyundo ya kukivunjia.

Yule kijana wa beleshi ameshapigilia msumari ukutani karibu na meza ya kuchunia. Kila Jumanne anatundika pale ndoo yangu ya lita 20, juu ya sakafu, na anatia ndani yake vipande vya ngozi vilivyosuuzwa. Jumanne iliyopita ilijaa kabla ya ng'ombe wa sita. Vilivyobaki vya ng'ombe wanane waliofuata vilikwenda kwenye mfereji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kemia, Mbeya